Pateni Ikikosea: Mwongozo Kamili wa Kugundua na Kurekebisha Makosa ya Maelekezo ya Kufuma

Sweta ilikuwa ya kijani, uzi wa DK (uzi wa unene wa kati), na nilikuwa nimeshamaliza kupunguza kwapa. Karatasi ilisema sasa nibaki na vitanzi 76. Nikahesabu, nikapata 78. Nikafumua hadi mwanzo wa kwapa, nikafuma upya, nikahesabu: 78. Nikafumua tena. Jioni nzima ilikwenda hivyo, na uzi wenyewe ukaanza kuota manyoya kwa kufumwa na kufumuliwa mara tatu. Kesho yake niliweka sindano pembeni nikachukua penseli, na ndani ya dakika tano nikaona kwamba mikono yangu haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa limechapishwa.

Tangu siku hiyo sianzi pateni ya mtu bila kuipitisha kwenye hesabu. Wafumaji wengi ninaowafahamu huku Njombe, ambako Juni na Julai sweta si pambo bali ni haja, wakikwama hujilaumu wenyewe. Husema "sijui kusoma pateni," wanaiacha kazi nusu, na uzi walioununua kwa fedha yao unabaki kwenye mfuko. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi wao ndio waliokuwa sahihi. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yao.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Kitanzi ni kile ambacho wengine huita stichi. Pleni ni kitanzi cha kawaida, kinachoonekana kama herufi V ukikitazama kwa mbele. Pali ni kinyume chake, kile kinachoacha kinundu. Ribu ni ule ukingo unaovutika wa chini ya sweta na wa mikono. Pateni ni maelekezo yote kwa jumla: maandishi, chati, mchoro wa vipimo na picha.

Makosa yanatoka wapi

Mbunifu wa sweta kwa kawaida hufuma saizi moja, ile unayoiona kwenye picha. Saizi nyingine hupatikana kwa hesabu ya karatasini: ongeza vitanzi kadhaa hapa, punguza kadhaa pale. Kwa hiyo saizi ya picha huwa imejaribiwa kwa sindano, na zile nyingine pengine hazijawahi kufumwa na mtu yeyote hadi siku unayoanza wewe. Kisha maandishi hupita kwa mpangaji kurasa, ambaye hukata sentensi ili zienee kwenye ukurasa. Chati huchorwa upya na mtu ambaye huenda hafumi kabisa. Pateni ikitafsiriwa, kwa mfano kutoka Kinorwe kwenda Kiingereza, inaongezeka ngazi nyingine ya kupotea. Wachapishaji makini huajiri mhakiki ambaye kazi yake ni kukagua namba tu, na hata yeye humponyoka moja mbili.

Ukijua hayo unajua pia pa kutazama: namba zilizo ndani ya mabano ya saizi, nyota za kurudia, chati, na sehemu ambapo sentensi inaonekana fupi kupita kiasi.

Hatua ya 1: Tafuta masahihisho kabla ya kununua uzi

Makosa mengi ya pateni zinazojulikana yameshagunduliwa na mtu mwingine. Majarida ya kufuma huchapisha masahihisho katika matoleo yanayofuata, na wachapishaji wengi wana ukurasa wake kwenye tovuti zao. Andika jina la pateni kwenye simu pamoja na neno la Kiingereza "errata", ambalo ndilo wanalotumia. Kwenye Ravelry, tovuti ya wafumaji iliyoanzishwa Marekani mwaka 2007, fungua pateni yenyewe kisha usome maelezo ya watu waliokwisha kuifuma. Watatu wakilalamikia mstari uleule, uwekee alama mstari huo.

Kama uliinunua pateni kwenye mtandao, ipakue upya kabla ya kuanza. Mara nyingi mbunifu hurekebisha faili kimyakimya, na ile iliyokaa kwenye simu yako tangu mwaka juzi ni ya zamani. Na kama ni kijitabu cha zamani cha Uingereza kilichokuja na mzigo wa mitumba, kigeuze kila ukurasa kwenye mwanga. Mama fulani wa huko aliyekifumia miaka 40 iliyopita huenda ameacha alama za penseli pembeni, na alama zile zina thamani kuliko chapa. Nimewahi kukuta "mara 9" imekatwa ikaandikwa "mara 8" kwa mkono mwembamba sana. Nilipojumlisha, mkono ule ulikuwa sahihi.

Hatua ya 2: Ondoa kwanza makosa yasiyo makosa

Kabla ya kuilaumu karatasi, uliza imeandikwa kwa Kiingereza cha nani. Waingereza na Wamarekani hutumia maneno yaleyale kwa vitu tofauti, na sisi huku tunapata pateni za pande zote mbili zikiwa zimechanganyika.

Namba za sindano ndizo zinazoumiza zaidi. Kwa vipimo vya zamani vya Uingereza, namba inavyokuwa kubwa ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba. Namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25, namba 14 ni milimita 2, yaani unene wa spoku ya kawaida ya baiskeli ambayo wengi wetu tulijifunzia. Kwa Wamarekani ni kinyume: namba 8 ni milimita 5 na namba 10 ni milimita 6. Ukichukua namba 10 ya Kimarekani kufumia pateni ya Kiingereza inayotaka namba 10, sindano yako inakaribia unene mara mbili, na sweta ya mtoto itamtosha baba yake. Pateni haijakosea hapo. Andika milimita kwa penseli pembeni ya kila namba ya sindano na usifikirie namba tena.

Mchoro wa "moss stitch" kwa Mwingereza ni pleni moja na pali moja zikipishana kila mstari. Kwa Mmarekani huo huitwa "seed stitch", na mara nyingi yeye huuita "moss" mchoro mwingine, wa mistari 4. Pateni za zamani za Uingereza zikisema "yfwd" au "wrn" zinamaanisha kuzungusha uzi kwenye sindano ili kupata tundu, jambo ambalo Mmarekani huliandika "yo". Kwenye kroshia mkanganyiko ni mkubwa zaidi: "double crochet" ya Mwingereza ndiyo "single crochet" ya Mmarekani. Utajuaje uko upande gani? Tazama neno la kufunga vitanzi. "Cast off" ni Uingereza, "bind off" ni Marekani. Tazama pia neno la mkazo, yaani idadi ya vitanzi au mistari kwa kipimo fulani: "tension" ni Uingereza, "gauge" ni Marekani.

Kuna pia lile neno la hatari, "at the same time", wakati huohuo. Pateni inakuambia upunguze kwapa, unapunguza, unamaliza kwa furaha, kisha sentensi inayofuata inasema wakati huohuo ulipaswa kuwa umeanza shingo. Ni uandishi mbaya, lakini kwa hesabu si kosa. Dawa yake ni kusoma sehemu nzima hadi mwisho kabla ya kufuma mstari wake wa kwanza.

Hatua ya 3: Zungushia saizi yako, kisha hesabu mikato

Pateni ya saizi nne huandikwa hivi: anzisha vitanzi 92 (98, 104, 110). Namba ya kwanza ni ya saizi ya kwanza, zilizo kwenye mabano ni za tatu zinazofuata. Chukua penseli uzungushie namba ya saizi yako kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Usitumie kalamu ya wino, maana utabadilisha.

Ukiwa unazungushia, hesabu namba za kila mabano pamoja na ile iliyo mbele yake. Pateni ya saizi nne iwe na namba nne kila mahali, au namba moja tu ambayo ni ya wote. Ukikuta namba tatu, moja imedondoka, na zote zilizo baada yake zimesogea nafasi moja. Mtu wa saizi ya tatu atakuwa anasoma namba ya saizi ya nne bila kujua.

Kisha tazama ngazi. Kutoka 92 hadi 98 ni 6, hadi 104 ni 6, hadi 110 ni 6. Saizi hupanda kwa ngazi zinazofanana au zinazokaribiana. Ukikuta 92 (98, 140, 110), hata kabla ya kushika uzi unajua tarakimu mbili zimepinduana. Ngazi isiyo sawa haithibitishi kosa peke yake, kwa kuwa wakati mwingine mchoro unalazimisha hivyo. Iwekee alama tu, utairudia.

Hatua ya 4: Fuma kwa penseli

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo ninapoomba usiwe na haraka. Kila namba kwenye pateni imefungwa na namba nyingine. Vitanzi vya mgongo vimefungwa na vya mabega, mabega ya nyuma yamefungwa na ya mbele, mkono umefungwa na kwapa. Ukijumlisha, namba mbovu haiwezi kujificha.

Tuchukue kwapa la ile sweta yangu ya kijani. Pateni ilisema hivi:

Anzisha vitanzi 92 (98, 104, 110).
Kwapa: funga vitanzi 5 mwanzoni mwa mistari 2 inayofuata.
Punguza kitanzi 1 kila upande kwenye kila mstari wa mbele, mara 5 (5, 7, 8).
Vinabaki vitanzi 72 (76, 80, 84).
Mabega: funga vitanzi 21 (22, 24, 25) kila upande. Vya shingo vinavyobaki ni 30 (32, 32, 34).

Mimi nilikuwa saizi ya pili. Naanza na 98. Natoa 5 kulia na 5 kushoto, vinabaki 88. Napunguza 1 kila upande mara 5, yaani vitanzi 10, vinabaki 78. Karatasi inasema 76. Tofauti ni 2, na 2 ni sawasawa na mstari mmoja wa kupunguza.

Sasa, nani mwongo? Ni ile "mara 5" au ni ile "76"? Usibahatishe, uliza namba ya tatu. Mabega yangu ni 22 na 22, shingo 32. Jumla 76. Kwa hiyo 76 ina shahidi, na "mara 5" imebaki peke yake. Uliza na saizi nyingine. Ya kwanza: 92 toa 10 ni 82, toa 10 tena ni 72, sawa. Ya tatu: 104 toa 10 ni 94, toa 14 ni 80, sawa. Ya nne: 110 toa 10 ni 100, toa 16 ni 84, sawa. Kisha tazama ile ngazi ya kupunguza: 5, 5, 7, 8. Inataka kuwa 5, 6, 7, 8. Mchapaji aliandika 5 mara mbili. Kosa lote ni hilo, tarakimu moja, na mimi nilikuwa nimeharibu uzi mzuri kwa ajili yake.

Shika utaratibu huo, maana unafaa karibu kila mahali: namba mbili zikigombana, tafuta ya tatu inayozijua zote mbili, kisha uziulize saizi za jirani.

Upana nao uhesabu. Gawanya vitanzi kwa mkazo. Pateni ikidai vitanzi 22 kwa sentimita 10, basi vitanzi 98 ni 98 kugawanya kwa 2.2, kama sentimita 44.5. Mchoro wa vipimo ukisema mgongo ni sentimita 45, mko pamoja. Ukisema 50, simama: ama mkazo umeandikwa vibaya, ama vitanzi. Fuma kipande cha majaribio, kifue, kikauke, kipime, ndipo uamue. Kumbuka mkazo wako wewe unaweza kutofautiana na wa mbunifu, na hilo si kosa la pateni. Kipande cha majaribio ndicho kitakachokuonyesha tatizo liko upande gani.

Vinavyoliwa na vinavyozaliwa

Kwenye michoro yenye matundu ninatumia hesabu mbili kwa kila mstari. Ya kwanza ni vitanzi vinavyoliwa, yaani vinavyotoka kwenye sindano ya kushoto. Ya pili ni vinavyozaliwa, yaani vinavyoingia kwenye sindano ya kulia. Pleni moja inakula 1 na kuzaa 1. Kufuma viwili pamoja kunakula 2, kunazaa 1. Kuzungusha uzi hakuli kitu, kunazaa 1.

Chukua mchoro wa mawimbi wa visiwa vya Shetland, Uskoti, unaoitwa Old Shale. Unajirudia kila vitanzi 18, na mstari wake wenye matundu ni huu: fuma viwili pamoja mara 3, kisha zungusha uzi na pleni 1 mara 6, kisha fuma viwili pamoja mara 3. Vinavyoliwa: 6 na 6 na 6, ni 18. Vinavyozaliwa: 3 na 12 na 3, ni 18. Mawimbi yatakaa.

Sasa tuseme chapa imekosea, mwishoni ikaandikwa "mara 2". Vinavyoliwa vinakuwa 16, vinavyozaliwa 17. Umeanzisha vitanzi 90, yaani mawimbi matano, lakini 16 haiingii kwenye 90, na hutalijua hilo hadi ufike ukingoni na vitanzi visivyo na kwao mkononi. Kwa penseli ungeligundua kwenye mstari mmoja. Tena mawimbi yale yana pande mbili zinazofanana kama mabawa: ukiona 3 kushoto na 2 kulia, jicho tu linatosha kushtuka.

Tahadhari moja. Ipo michoro ambayo idadi huongezeka makusudi kwenye mstari mmoja na kurudi kwenye mstari wa tatu au wa tano. Usiihukumu kwa mstari mmoja. Fuata hadi mzunguko wote wa mchoro umalizike, na hapo ndipo vitanzi vinatakiwa kurudi idadi ya mwanzo.

Ribu nayo ina hesabu yake ndogo. Ribu ya pleni 2 na pali 2 inayofumwa kwa mzunguko, kama ya kofia, inataka idadi inayogawanyika kwa 4. Kofia ya vitanzi 90 haitakubali. Anzisha 88 au 92.

Mikono

Binti ninayemfundisha alikuja asubuhi moja amebeba mkono wa sweta kwenye mfuko wa plastiki.

"Shikamoo mama. Mkono umekuwa mrefu na bado sijamaliza kuongeza."

"Marahaba mwanangu. Pateni inasema uongeze kila baada ya mistari mingapi?"

"Kumi. Kutoka vitanzi 46 hadi 74."

Tukakaa tukahesabu pamoja. Kutoka 46 hadi 74 ni vitanzi 28. Kila mstari wa kuongeza unaleta 2, kwa hiyo ni mistari 14 ya kuongeza. Mara 10 ni mistari 140. Mkazo ulikuwa mistari 28 kwa sentimita 10, kwa hiyo mistari 140 ni sentimita 50. Mkono wote, pamoja na ribu ya sentimita 6, ulitakiwa kuwa sentimita 43. Haiwezekani, hata ukibana vipi.

Nafasi iliyopo ni sentimita 37, kama mistari 103. Gawanya kwa 14, unapata 7 na kidogo. Saba ni witiri, ingemlazimu kuongeza mara upande wa mbele mara upande wa nyuma, kwa hiyo tukachukua 6. Mistari 84, sentimita 30, kisha sentimita 7 za kwenda moja kwa moja hadi kwapani. Alifumua hadi ribu akaanza upya, na mkono ukaingia kwenye kwapa bila kuvutwa.

Hatua ya 5: Chati, maandishi na picha vikipingana

Chati husomwa kutoka chini kwenda juu. Ukifuma kwa kugeuza kazi, mistari ya mbele husomwa kulia kwenda kushoto na ya nyuma kushoto kwenda kulia. Ukifuma kwa mzunguko, yote ni kulia kwenda kushoto. Malalamiko mengi ya "chati mbovu" yanaishia hapo.

Ikiwa unasoma vizuri na bado chati inasema hivi na maandishi vile, zipitishe zote mbili kwenye kula na kuzaa. Isiyojumlika ndiyo mbovu. Zikijumlika zote, nenda kwenye picha. Ikuze kwenye simu uhesabu: kati ya msokoto (vitanzi vilivyopishanishwa kama kamba) na msokoto kuna mistari mingapi? Msokoto unalalia wapi? Ukishikilia vitanzi mbele ya kazi ("C6F") msokoto hulalia kushoto, ukivishikilia nyuma ("C6B") hulalia kulia. Jedwali la alama likikupa kinyume cha hayo, alama mbili zimebadilishana nafasi.

Hata picha huweza kupinduliwa kiwandani ikawa kama ya kwenye kioo. Kwa sweta ya vifungo ya kike, desturi ya Ulaya ni matundu ya vifungo kuwa upande wa kulia wa mvaaji. Ukiyaona upande wa kushoto wa mvaaji, isome picha nzima kinyume.

Hatua ya 6: Ukikwama ukiwa njiani

Simama kwenye mstari wa kwanza unaokutia shaka. Usijipe moyo kwamba mbele itakaa sawa. Rudi hadi mahali pa mwisho ambapo idadi ililingana, ufume mara moja tu, polepole, ukitia kistari kwa kila mstari. Matokeo yakiwa yaleyale, acha kufumua. Mara mbili zinatosha, na hapo nenda kwenye penseli.

Kabla ya kupita sehemu yenye shaka, weka uzi wa kinga. Chukua uzi wa pamba wa rangi tofauti, utunge kwenye sindano butu, uupitishe ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano, uache mikia mirefu pande zote. Mambo yakiharibika, unachomoa sindano, unafumua bila woga, na kazi inasimama penyewe kwenye uzi ule. Kwa michoro ya matundu naona ni lazima. Kwa uzi wenye manyoya marefu ni lazima mara mbili, kwa sababu ule haufumuliki bila kuchanika.

Kwenye michoro inayojirudia weka pini ndogo ya nepi kila baada ya mzunguko mmoja. Kosa likitokea utajua liko kati ya pini gani na gani, badala ya kutafuta kwenye vitanzi 200.

Hatua ya 7: Chagua marekebisho madogo kuliko yote

Umeshajua kosa. Sasa badilisha kidogo kadiri inavyowezekana, na kila unachobadilisha mahali pamoja kifuate hadi mwisho. Ukibadilisha mgongo, badilisha na mbele. Ukibadilisha kina cha kwapa, mkono wa sweta utataka kubadilika kileleni, la sivyo hautashonwa bila mikunjo.

Kitanzi kimoja kilichozidi kwenye sehemu ya pleni tupu kifute kwa kufuma viwili pamoja karibu na ukingo, hakuna atakayekiona. Wapo wanaoshauri hivyo kwa kila kosa, na mimi siafiki. Kwenye misokoto au matundu kitanzi kimoja kinasukuma mchoro wote pembeni, na baada ya mistari 20 kila mtu atauona. Huko rekebisha chanzo.

Shingo iangalie kwa jicho la pekee, hasa ya mtoto. Kichwa cha mtoto wa miaka miwili kina mzunguko wa karibu sentimita 48. Jumlisha vitanzi vya kola yote, gawanya kwa mkazo, kisha vuta ribu ya kipande cha majaribio uone inafunguka hadi wapi. Isipofika huko, ongeza vitanzi vya kola au acha mpasuo wa vifungo begani. Nimeona sweta nzuri sana ya mtoto ambayo haikuwahi kuvaliwa hata siku moja kwa sababu hiyo tu.

Kiasi cha uzi pia huchapwa vibaya. Linganisha na pateni nyingine ya umbo na saizi hiyo, na nunua donge moja la ziada lenye namba ileile ya rangi kwenye karatasi yake. Kijani cha mwezi ujao hakitakuwa kijani hiki.

Hatua ya 8: Sweta imeisha ndipo unaliona

Msokoto mmoja uliolalia vibaya hauhitaji kufumua sweta. Acha vitanzi 6 vya msokoto huo peke yake viteremke hadi penye kosa, vipishanishe inavyotakiwa, kisha uvipandishe mstari kwa mstari kwa sindano ya kroshia. Urefu ukikosewa kwenye sehemu ya pleni, kata uzi wa kitanzi kimoja juu kidogo ya ribu, uuvute mstari wote utoke, okota vitanzi vya juu, uongeze au upunguze mistari, ufume ribu mpya kwenda chini. Inatisha mara ya kwanza. Fanyia mazoezi kwenye kipande cha majaribio.

Hatua ya 9: Mwandikie aliyechapisha

Wengi hawaandiki, na kosa linaendelea kuwatesa wengine. Barua fupi inatosha: jina la pateni, toleo au tarehe ya faili, ukurasa, saizi, mstari, kilichoandikwa, ulichopata wewe, na pendekezo lako pamoja na hesabu yake. Kwa mfano: "Saizi ya pili, kwapa. Imeandikwa punguza mara 5, vinabaki 76. Nimepata 78. Mabega na shingo ni 22, 22 na 32, jumla 76. Nadhani iwe mara 6." Andika kwa heshima, wabunifu wengi hufurahi. Ukiwatumia wenzako sahihisho kwenye kundi la WhatsApp, tuma mstari uliosahihishwa peke yake. Pateni yenyewe ina hakimiliki, na mbunifu anaishi kwa kuiuza.

Na kwenye karatasi yako andika sahihisho palepale, pembeni ya kosa, pamoja na saizi na mwaka. Ile ya sweta ya kijani ninayo bado. "Saizi ya 2: mara 6, si 5." Binti yule ameanza kuifuma wiki hii kwa uzi wa bluu, na jana alipita kwapa akiwa na vitanzi 76.